Bastola ya Glock 19 au CZ P-01: ipi ya kukaa nayo kiunoni miaka na miaka kwenye joto hili la Tanga?

Duka la Kona (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo leo.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani na kishamba cha machungwa upande wa Muheza. Jumamosi nabeba malipo ya vibarua, na msimu ukikolea narudi mjini na fedha za wanunuzi, mara nyingine magharibi imeshaingia. Leseni ya silaha ninayo, huu mwaka wa kumi na moja. Niliyonayo ni Makarov, bastola ya Kirusi, nilihamishiwa kutoka kwa mzee mmoja kwa kupitia polisi, kila karatasi ipo. Sasa imezeeka. Kutu imeila upande unaogusa mwili, springi ya magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, imelegea mpaka risasi ya mwisho inapanda kwa kusuasua, na risasi zenyewe za 9x18 kuzipata ni kama kutafuta pweza Lushoto.

Nimeshaanza taratibu za kubadilisha. Duka la silaha nililokwenda Dar lina mbili zinazonifaa: Glock 19 kizazi cha tano, na CZ P-01. Zote zinakula risasi za 9x19, na bei haijapishana cha kunikosesha usingizi. Nilizishika zote pale kaunta. CZ, ile ya Kicheki, iliingia mkononi kama mpini wa jembe la marehemu babu, ule uliolainishwa na viganja. Glock ni kama kushika kipande cha ubao, ila nyepesi.

Nina miaka 44. Nataka hii iwe ya mwisho, na ni ya kuvaa, sio ya kulala kabatini. Mwenye uzoefu anisaidie.

Pweza Mkavu

Mkuu vibarua si wanalipwa kwa simu siku hizi? Kabla hujachagua bastola, punguza kwanza hela unazotembea nazo.

Duka la Kona

Nimejaribu. Nusu yao laini zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine, na wakala wa pale kijijini ikifika saa nne asubuhi hana floti. Mtu amechuma tangu alfajiri, anataka hela yake akanunue unga. Ningeweza kuacha kubeba fedha ningeacha jana.

Chungwa la Muheza

Nimekaa paleee na kahawa na kashata, waje wataalamu.

Mwana Raskazone

CZ bila kufikiri mara mbili. Ukoo wake unaanzia kwenye CZ 75, ile waliyoichora ndugu wawili wa Koucký kule Uherský Brod, ikatolewa mwaka 1975, na mpaka leo kila anayetengeneza bastola ya chuma anaichungulia ile. P-01 ni mjukuu: fremu ya aluminiamu badala ya chuma kizima, risasi 14 kwenye magazini, polisi wa Kicheki wakaichukua mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umesema mwenyewe imeingia mkononi. Mkono haudanganyi, mkuu.

Pweza Mkavu

Mkono haudanganyi ila kaunta ya duka inadanganya sana. Kila kitu kinaingia mkononi dukani.

Mstaafu wa Kange

Shikamooni mnaostahili, waliobaki marahaba.

Nimefundisha vijana silaha zaidi ya miaka ishirini, sasa nafuga kuku hapa Kange. Nianze kwa kusema kwamba kubishania Glock na CZ kwa jina la kiwanda ni Simba na Yanga tu. Tofauti kubwa ya hizi mbili iko kwenye triga, mengine yanafuata nyuma yake.

P-01 nyundo yake iko nje, unaiona. Ukiwa na risasi chemba, yaani pale inapokaa tayari kupigwa, na nyundo imelala, triga ya kwanza ni ndefu na nzito, kwa sababu kidole chako ndicho kinachoinyanyua nyundo mpaka iachie. Ikilipuka, slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, inaiacha nyundo imesimama. Basi ya pili na zinazofuata triga inakuwa fupi na nyepesi, unaigusa tu imeondoka. Ukimaliza kupiga nyundo bado iko juu, kwa hiyo kuna kitasa upande wa kushoto unakibonyeza, nyundo inashuka bila kulipua. Kitasa hicho watu hudhani ni kufuli. Kufuli P-01 haina.

Glock haina nyundo ya kuonekana. Ndani kuna pini ambayo slaidi imeshaivuta sehemu ya safari, kidole kinamalizia. Triga ni ile ile, kilo mbili na nusu hivi, ya kwanza mpaka ya kumi na tano. Nayo haina kufuli ya nje. Ina vizuizi vitatu: kiulimi cha kwenye triga, kizuizi cha pini, na kile cha kuzuia isilipuke ikianguka. Vyote vitatu vinafunguka vyenyewe triga ikivutwa. Kwa hiyo chochote kitakachoivuta triga kitailipua, kiwe kidole chako, kiwe pindo la shati lililoingia kwenye ala ulipokuwa unairudisha kwa haraka.

Uwanjani, kijana mwenye bastola ya aina ya CZ asiye na mazoezi nilikuwa namjua kwa kuangalia karatasi yake peke yake. Tundu la kwanza liko chini kabisa, la pili juu kidogo, la tatu na kuendelea yamekusanyika. Anapigana na triga ya kwanza, anashangazwa na ya pili, halafu ndiyo anatulia. Sasa wewe mwenye duka, likikukuta la kukukuta pale njiani, unadhani utafika kwenye risasi ya tatu?

Swali langu moja tu: hiyo Makarov umeipiga risasi ngapi tangu uimiliki?

Mwana Raskazone

Mzee shikamoo, nakuheshimu, ila hapo umeacha upande wa pili. Triga ndefu na nzito ndiyo inayomlinda mtu wa kawaida. Halafu nyundo ya nje ina faida moja kubwa: unapoirudisha bastola kwenye ala unaweka dole gumba juu ya nyundo. Kukiwa na kitu kimenasa triga, nyundo inaanza kunyanyuka na unaisikia kwenye gumba kabla mambo hayajaharibika. Glock haina cha kukuambia. Inakuambia kwa mshindo.

Mstaafu wa Kange

Marahaba mwanangu. Hilo la gumba ni kweli tupu, na ningekuwa bado nafundisha ningekupa kiti cha mbele.

Kitumbua

Samahani naingilia, mimi mgeni wa mambo haya. Makarov ni 9 na hizi ni 9. Kwa nini asitumie risasi zile zile?

Mstaafu wa Kange

Tisa hizo ni jina tu. Ya Kirusi ni fupi, ganda milimita 18, na kichwa chake ni kinene zaidi, milimita 9.27. Hii nyingine ganda ni 19 na kichwa ni 9.01. Usijaribu kuzibadilishana, wala usimruhusu mtu akwambie alijaribu ikakubali. Hii 9x19 ni ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ya Mwaustria Georg Luger, na ndiyo iliyoenea dunia nzima. Kwa hilo peke yake mleta uzi amefanya vizuri kubadilisha.

Fundi Saa

Bunduki sizijui. Jasho la watu wa Tanga nalijua vizuri.

Nina meza ya saa mwaka wa kumi na tisa. Saa ikija kwangu, kabla sijaifungua naigeuza mgongo. Kuna mteja saa yake miaka kumi mgongo unang'aa. Kuna mwingine, muuza samaki mmoja, mwaka mmoja tu mgongo umetoboka vishimo kama kaimati zilizochomwa na tindo. Saa moja, mji mmoja, jasho tofauti. Jasho la mtu na mtu halifanani, kuna lenye chumvi kali linakula mpaka nikeli. Mleta uzi, umesema kutu imeila Makarov upande unaogusa mwili. Jasho lako ni la kundi la pili. Umeshapata jibu la swali moja hapo.

Kwa hiyo usiniulize ipi inapiga vizuri, uliza ngozi yake ya nje ni nini. Nimesoma kidogo: Glock slaidi yake inafanyiwa kazi ya kuukomaza uso wa chuma wenyewe, kisha inawekwa weusi mgumu juu, na fremu ni plastiki. Plastiki haiijui kutu. P-01 slaidi ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi ngumu, na rangi ikichunika pale inapojisugua kwenye ala, palepale ndipo chumvi inapoingilia. Fremu ya aluminiamu haiweki kutu nyekundu ila nayo ina ugonjwa wake, ule unga mweupe mnaouona kwenye madirisha ya nyumba za karibu na bahari.

Na hata hiyo ya plastiki ndani ina springi, pini na vyuma vidogo. Usijidanganye kwamba hutaifungua.

Mafuta: usipake ya nazi. Nasema kwa sababu nimeletewa cherehani, saa na kufuli za milango zilizopakwa mafuta ya nazi, na baada ya miezi yanageuka gundi. Yale ya kopo la kupuliza yanafukuza maji vizuri lakini yanakauka, hayakai. Nunua mafuta ya silaha. Ukikwama, ya cherehani mepesi yanakuvusha wiki, tone tone, usiikaange.

Na ala ya ngozi isiwe kitanda chake. Ngozi inanyonya jasho mchana, usiku inalirudishia chuma. Ukifika nyumbani itoe, ifute, iweke kwenye sanduku na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye viatu vipya. Mie navikusanya kwa wauza viatu bure.

Chungwa la Muheza

Huyu fundi ndiye aliyeuvusha uzi. Kahawa yangu ya pili hii.

Binti Makorora

Kaka yangu mleta uzi, mie nitakuuliza swali ambalo wanaume humu hamjaliuliza. Ukivua hiyo bastola usiku unaiweka wapi?

Marehemu mume wangu alikuwa nayo ya biashara, kisheria kabisa. Akiiweka juu ya kabati, ndani ya sanduku la viatu, anasema watoto hawafiki. Siku moja tuko mezani, kijana wetu wa miaka saba anamuuliza babake, "Baba, mbona siku hizi risasi ni saba, ile moja umepeleka wapi?" Wallahi kijiko kilinidondoka. Mtoto alikuwa amepanda kitandani, akapanda meza, akaitoa, akazihesabu, akairudisha vilevile na kufunika. Si mara moja, maana alijua za mwanzo zilikuwa nane.

Mume wangu alinunua sanduku la chuma siku hiyo hiyo, akalipigia bolti ukutani. Lakini mie nilichomwambia ni kwamba tatizo halikuwa kabati. Tatizo ni kwamba ndani ya nyumba ile watu watatu walijua ilipo na mmoja tu ndiye alijua inavyofunguliwa kwa usalama. Basi akanifundisha: kutoa magazini kwanza, halafu kuvuta slaidi, halafu kuchungulia chemba kwa macho na kuingiza kidole. Sikuwahi kuipiga hata risasi moja na sikutaka. Alipofariki, mie ndiye niliyeitoa kwenye sanduku, nikaifungua, nikathibitisha haina kitu, na shemeji yangu akanisindikiza kuikabidhi polisi. Ningekuwa sijui, ningeibeba kwenye mkoba ikiwa imejaa.

Kwa hiyo nunua ambayo shemeji yetu, mkeo, naye ataweza kuivuta slaidi. Mpeleke dukani aijaribu. Usimwache nje kwenye gari.

Mstaafu wa Kange

Dada Makorora, Mungu amrehemu mzee. Utaratibu alioutaja uheshimuni, magazini kwanza. Ukivuta slaidi kabla hujatoa magazini, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine, halafu unasema ni tupu.

Na kwenye slaidi kuna jambo. Slaidi ya CZ inapita ndani ya fremu, ya Glock inapita nje ya fremu. Ndiyo maana CZ inaonekana imekaa chini mkononi na inatulia ikipigwa. Lakini maana yake pia ni kwamba pa kushika ni padogo. Mkono mkavu sawa. Mkono wenye jasho la Februari, au wa mwanamama mwenye vidole vyembamba, unateleza. Afadhali mjue kabla.

Wakili wa Mtaani

Naongeza upande wangu kwa ufupi. Kinachotawala sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Leseni yako inaitaja silaha hiyo mahsusi, na namba yake. Mpya haiingii kwenye leseni ya zamani kama tairi. Makarov isitoke mkononi mwako kwenda kwa "rafiki" hata kwa siku moja, irudi kwa utaratibu wa polisi, upewe maandishi. Waliopitia uhakiki wa silaha wa 2016 wanajua thamani ya karatasi.

La pili: kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu kinakuruhusu kujilinda. Neno zito pale ni nguvu ya kiasi. Aliyekwishachukua mkoba na sasa anakimbia amekupa mgongo, ukimpiga, mahakamani hutakuwa mlalamikaji. Nimeona watu wazima wanalia kizimbani kwa hela ambayo wangeirudisha kwa wiki mbili za biashara.

Pweza Mkavu

Na ya tatu, baa. Bastola na bia haziketi meza moja.

Duka la Kona

Nimesoma yote, nashukuru sana. Dada Makorora umenikosesha usingizi. Yangu ilikuwa kwenye droo yenye ufunguo, na ufunguo kwenye ndoano ya funguo zote za nyumba. Sanduku nimelitoa dukani kwangu mwenyewe leo, nimelitia bolti nne ukutani. Aibu, nauza masanduku hayo miaka tisa.

Sasa niwaambie nilichofanya wiki mbili hizi, mnicheke mkitaka. Glock 19 ikiwa imejaa ni gramu 855 hivi. P-01 ikiwa imejaa, nilipiga hesabu na uzito wa risasi, inakaribia 960. Nikaweka misumari ya inchi tatu kwenye mizani ya duka, nikapima gramu 855, nikaifunga kwenye kitambaa na gundi ya karatasi mpaka ikapata umbo. Kifurushi cha pili 960. Wiki ya kwanza nimevaa cha kwanza kiunoni ndani ya suruali, upande wa kulia nyuma ya nyonga, kuanzia subhi mpaka nifunge duka. Wiki ya pili cha pili. Wafanyakazi walidhani bosi ana jipu.

Majibu. Gramu mia nilizihisi Jumatatu na Jumanne. Jumatano nilikuwa sijui nimebeba kipi. Kilichonisumbua ni mkanda. Mkanda wangu ni wa kuvalia suruali ya harusi, laini, ukibeba kitu kizito unapinda na suruali inashuka upande mmoja, kutwa unaivuta. Nikachukua mkanda mpana wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, tatizo likaisha kwa vifurushi vyote viwili.

La pili ni shati. Hapa kwetu huwezi kuvaa koti, utaonekana mgonjwa. Shati jepesi la kuchomekea halifichi kitu. Shati la kuachia nje, la maua au la kitenge, linaficha vizuri mpaka upepo wa bahari upige, ndipo linajichora. Ukiinama kuchukua mfuko wa saruji linapanda. Nimejifunza kuchuchumaa.

La tatu ni Ijumaa. Nilivaa kifurushi chini ya kanzu kwenda msikitini, nijue tu. Kwenye rukuu kinachoma mbavu, kwenye sijda kinachungulia nyuma, na kijana aliyekuwa safu ya nyuma akaniuliza baadaye kama nina mfuko wa mkojo wa hospitali. Kwa hiyo Ijumaa inabaki kwenye sanduku, kanzu na bastola wasikutane.

Mzee wa Kange, kwa swali lako, nilikuwa nalikwepa. Miaka kumi na moja, risasi nilizopiga hazifiki mia. Nadhani ni sitini. Mara nne.

Mwana Raskazone

Misumari 😂😂 Mkuu wewe ni mwendawazimu wa heshima.

Ila ona, hapo hapo ndipo CZ inaposhinda. Makarov nayo ina nyundo ya nje, triga ya kwanza nzito, zinazofuata nyepesi. Miaka kumi na moja kidole chako kimekuwa kikijifunza P-01 bila kujua. Kuhamia Glock ni kuanza darasa la kwanza.

Mstaafu wa Kange

Kijana wa Raskazone, hoja hiyo ningeiandika mimi. Kwa mtu mwingine. Angekuwa amepiga risasi elfu tatu na Makarov ningemwambia achukue CZ leo na asisikilize mtu. Lakini mara nne kwa miaka kumi na moja kidole hakikujifunza kitu. Kimevaa tu. Na kidogo kilichojifunza kitamchanganya: kitasa cha Makarov kiko kwenye slaidi, unakipandisha juu, na kikishuka ndiyo tayari. Cha P-01 kiko kwenye fremu, unakibonyeza chini kushusha nyundo. Chini kwa huku, juu kwa kule.

Wewe Duka la Kona unaanza darasa la kwanza kwa vyovyote. Basi chagua darasa lenye masomo machache. Triga moja ya kujifunza badala ya mbili na kitasa. Hivyo tu ndivyo ninavyoiona, na siipendi Glock, inanikera umbo lake, mkwezi mmoja wa minazi angeichonga vizuri zaidi.

Lakini nina sharti. Ala iwe ngumu, ya plastiki iliyofinyangwa kwa bastola hiyo hiyo, inafunika triga yote, haijipindi. Ala ya kitambaa au ngozi iliyochakaa ukingo wake unajikunja ndani, nao unavuta triga vizuri kuliko kidole. Na unapoirudisha usiwe na haraka. Hakuna aliyewahi kuuawa kwa kuchelewa kurudisha bastola kwenye ala.

Fundi Saa

Na kuifungua? Mie ndilo linalonihusu.

Mstaafu wa Kange

Hapo kila moja ina shetani wake. Glock, kabla hujaitenganisha, ni lazima uvute triga. Soma tena: lazima uvute triga. Aliyesahau risasi chemba ndiye anayetoboa meza, au mguu wake, au ukuta wa jirani. Kwa hiyo magazini nje, slaidi nyuma, macho, kidole, halafu tena mara ya pili, na mdomo wa bastola uelekee kwenye ndoo ya mchanga.

CZ hailazimishi kuvuta triga. Kuna alama mbili, ya slaidi na ya fremu, unazilinganisha, unasukuma pini kutoka upande wa pili. Ikiwa mpya inagoma, watu huigonga kwa kitako cha magazini. Na springi ndogo ya kurudisha triga kwenye ukoo wa CZ 75 inajulikana kukatika siku isiyo na taarifa. Si mara nyingi, ila ujue. Springi za akiba ziagize kwa muuzaji siku ile ile unayonunua, bastola yoyote utakayoichukua. Usisubiri ikatike ndipo uanze kuulizia Tanga.

Jambo la mwisho, halafu narudi kwenye kuku. Wanaoitoa risasi ya chemba kila usiku na kuirudisha ile ile kila asubuhi, kila ikigongwa kuingia kichwa kinazama kidogo ndani ya ganda. Kikizama sana presha inapanda. Ipange nyingine mbele, na ukiona moja imekuwa fupi kuliko wenzake pembeni ya meza, itenge.

Kitumbua

Hili la risasi kufupika sijawahi kulisikia popote. Nafuatilia.

Duka la Kona

Wakuu, narudi baada ya miezi mitano. Samahani kwa ukimya, karatasi zina mwendo wake.

Nilimchukua mama watoto mpaka dukani Dar kama alivyosema dada Makorora. CZ aliipenda kwa macho, alipoivuta slaidi ikamteleza mara mbili, ya tatu ikamkubali huku amekunja uso. Glock aliivuta mara ya kwanza, akaniangalia, akasema "Hii." Nikamwambia mzee wa Kange alishasema hivyo hivyo, akauliza mzee wa Kange ni nani, nikashindwa pa kuanzia.

Nimechukua Glock. Magazini mbili, springi za akiba, ala ngumu. Makarov nimeikabidhi, maandishi ninayo kwenye sanduku. Mkono bado unaikumbuka ile ya Kicheki, Mwana Raskazone, sitakuficha. Nikipita dukani naiomba niishike.

Kila Jumapili usiku naitandikia gazeti mezani watoto wakilala. Nakuta chumvi kwenye skrubu ya ala na uvumbi wa saruji kwenye njia za slaidi, nyeupe, kama unga wa maandazi. Slaidi yenyewe mpaka sasa haina doa. Kwa mazoezi nimeshapiga mara tano, kwa utaratibu, si shambani. Tundu la kwanza na la pili siku hizi yako jirani.

Misumari nimeirudisha kwenye ndoo. Ile ya 960 mteja mmoja ameshainunua kwa kupaulia.

Mstaafu wa Kange

Risasi ngapi mpaka sasa?

Duka la Kona

Mia mbili na kumi, mzee.

Mstaafu wa Kange

Endelea.